Andika Bei

Maneno niliyowaambia wafanyabiashara wadogo wa Kisumu waliokutana karibu na soko la Kibuye

Mwenyekiti wetu wa soko, mama zangu, wazee, dada na ndugu zangu wa Kibuye, Kondele na Manyatta, nanyi mliopanda matatu alfajiri kutoka Luanda na Ahero: hamjambo? Oyawore.

Nimeombwa niseme juu ya kuuza kwa mitandao ya kijamii. Wengi wenu mnanijua. Nauza nguo za watoto, mitumba na sare za shule, na siku hizi wateja wangu wengi hunitafuta kwa simu kabla hawajafika kibandani. Ninayoyasema hapa ndiyo yanayonilipia karo.

Jambo lililonileta ni fupi. Andikeni bei.

Ingieni leo kwenye vikundi vya Facebook vya kuuza na kununua hapa Kisumu. Mtaona viatu, sofa, keki, simu, vyote vya kutamanisha. Chini ya picha watu wamejipanga wakiuliza: "Bei?" "Hii ngapi?" "Bei tafadhali." Na mwenye mali anamjibu kila mmoja maneno yale yale: "Njoo inboksi." Januari, wiki ya kufungua shule, nilikuwa nawatafutia wanangu viatu. Nikaona vilivyonipendeza, nikauliza bei. Njoo inboksi. Nikaenda. Nikaulizwa saizi, nikajibu. Nikaulizwa naishi mtaa gani, nikajibu. Kimya. Jibu lilipokuja asubuhi nilikuwa nimeshalipia viatu kwingine, kwa sababu usiku uleule nilikutana na posti ya mama mwingine. Picha yake ilikuwa na giza kidogo, lakini chini aliandika: "Viatu vya shule, ngozi, saizi 32 hadi 36, Sh 1,200. Niko Kondele karibu na steji. Napeleka popote mjini kwa boda." Hakuniachia swali hata moja. Nilimwandikia saizi, nikatuma pesa, nikalala.

Hebu lileteni jambo hilo hapa sokoni. Ni Jumapili, Kibuye imefurika, mteja ameinua sweta yako, ameikunjua mikono, anaipima kwa macho, anauliza, "Mama, hii pesa ngapi?" Nawe unamjibu, "Zunguka nyuma ya kibanda nikunong'oneze." Atazunguka? Ataiweka chini aende meza ya pili, na meza ya pili iko hatua mbili kutoka hapo. Kwenye simu iko karibu kuliko hivyo. Anasogeza kidole tu.

Sababu za kuficha bei nimezisikia. Kuna wanaosema mshindani ataiona. Ataiona, ndiyo, lakini mshindani wako anaijua tayari. Mnanunua kwa jumla mahali pamoja, mnafungua bale la mitumba siku moja, anajua kamera, ile nguo safi ya kwanza, inakwenda kwa ngapi, na fagia, yale masalio ya mwisho, inakwenda kwa ngapi. Uliyemficha ni mteja peke yake.

Kuna wanaosema bei zao hubadilika, na hawa wana hoja. Mama wa samaki hawezi kuahidi leo bei ya kesho. Upepo ukichafuka ziwani, mitumbwi ikirudi mitupu pale Dunga, bei ya samaki aina ya ngege inapanda kabla ya saa nne. Basi mama, andika "bei ya leo" na uweke siku. Stetasi ya WhatsApp hukaa saa 24 kisha hujiondoa yenyewe. Bei ya siku moja inaitosha kabisa. Panga samaki kwa ukubwa, mdogo, wa wastani, mkubwa, kila fungu na bei yake, na useme unauza mpaka saa ngapi. Mwenye hoteli aliyezoea kukuona hivyo atakuangalia kila asubuhi kabla hajawasha jiko, na siku bei ikipanda hatakushuku, kwa sababu ameiona ikishuka pia.

Na kuna fundi, mwoka keki, mwenye kukodisha hema na viti. Hawa huniambia kazi yao haina bei moja. Kweli haina. Lakini kila kazi ina bei inapoanzia, nayo iandikwe. "Gauni la kitenge, ushonaji kuanzia Sh 1,500, kitambaa chako." Kisha sema kinachoongeza: bitana, zipu, mishono ya madoido, haraka ya siku mbili. Keki itajeni kwa kilo. Hema na viti mia moja, kwa siku, ndani ya Kisumu. Nje ya hapo usafiri ni juu ya mteja. Mnajua vikao vyetu vya matanga na harusi vinavyokwenda. Jioni ile kamati imekaa, kuna daftari la michango, kuna mzee anayeuliza kila shilingi imeenda wapi. Aliyetumwa kutafuta hema anataka hesabu ya kusoma mbele ya watu. Asipoipata kwako, jina lako halitatajwa kwenye kikao hicho.

Hofu ya kwamba bei itamfukuza mteja siipuuzi. Itamfukuza asiye na pesa hizo, na itakupunguzia saa nzima ya kuandikiana naye. Kama unaweza kupunguza, sema: "bei inaongeleka." Mnunuzi wa Kisumu akisoma hivyo anajua la kufanya.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa sokoni nakubali. Lakini ndani ya simu mteja hawezi kuivuta sweta aone kama mshono utafumuka, hawezi kumfungua samaki mashavu aone kama ni mekundu. Ana picha, ana bei, ana maneno yako. Kwa hiyo nataka nikae kidogo kwenye picha.

Anza kwa kufuta kamera. Simu zetu zinashinda kwenye mfuko wa aproni, zina unga, zina mafuta ya mandazi, zina vumbi la barabara. Ukungu mnaouona kwenye picha, mnaolaumu simu kuwa ni ya bei rahisi, mara nyingi ni uchafu wa kidole. Futa kwa kitambaa laini, upige tena, utashangaa.

Halafu tokeni chini ya turubai. Hili wengi hawaligundui. Vibanda vyetu tumeezeka turubai la buluu, na jua likipenya juu yake kila kitu kilicho chini kinakuwa cha buluu. Jicho huzoea, kamera haizoei. Sweta nyeupe inatoka ya samawati, shati la kijani linatoka jeusi, na mtoto wa mteja anarudishwa nyumbani na mwalimu kwa sababu rangi ya sweta si ya shule. Mama yake atasema umemtapeli, na ukitazama picha uliyomtumia huna la kujibu. Toa nguo nje, asubuhi au jua likishaanza kulegea, itundike mahali penye kivuli cheupe, ukutani au kwenye mlango. Saa sita mchana usipige picha. Jua la Kisumu la wakati huo linachoma rangi na kutia vivuli vikali.

Wenzangu wa mitumba, wekeni tepu ya fundi juu ya nguo. Saizi iliyoandikwa kwenye shingo ni ya nchi ilikotoka. Pima kutoka kwapa hadi kwapa, pima urefu, piga picha tepu ikisomeka. Na kama kuna doa au kifungo kilichokatika, kipige picha chenyewe na ukitaje. Mimi naliuza doa kwa bei ya doa, na aliyelinunua akijua ndiye anayenirudia kwa imani. Picha za kuchukua kwenye intaneti, za mwanamitindo aliyevaa nguo usiyo nayo, ziacheni kabisa. Anayeagiza kwa picha ile anaipokea nguo yako akiwa ameshakasirika.

Sasa WhatsApp, ambako kwa maoni yangu ndiko soko letu lilipo hasa. Kuna programu ya WhatsApp Business. Ipo tangu 2018, ni ya bure, na inaonekana karibu sawa na ile mnayoitumia nyumbani. Tofauti ni kwamba unaandika jina la biashara, saa za kufungua, mahali ulipo, na unapanga bidhaa zako katika katalogi, kila moja na picha na bei. Katalogi inabeba hadi bidhaa 500. Wengi wetu hapa hatuna hata hamsini. Mtu akikuuliza sweta za kijani saa tano usiku, humwandikii upya. Unamtumia ukurasa wa sweta, anachagua. Kuna na majibu ya haraka unayoyaandaa mara moja: njia ya kufika, nambari ya tili ya kulipia kwa M-PESA, gharama ya boda. Na kuna ujumbe wa kumpokea mteja ukiwa umefunga. Andika wazi: "Nimefunga, nafungua saa mbili asubuhi, nitakujibu nikianza kazi." Mteja anayeambiwa saa huvumilia.

Lakini nisikilizeni hapa vizuri, maana ndipo watu wengi wanapopoteza. Stetasi yako haionwi na kila mtu mwenye nambari yako. Anaiona yule uliyemhifadhi wewe na ambaye naye amekuhifadhi. Unaweza kuwa na wateja mia tatu waliowahi kukutumia ujumbe, ukaweka stetasi nzuri kabisa, na ikaonwa na shangazi zako na watu wa kanisa peke yao, kwa kuwa wateja hawajakuhifadhi. Ile orodha ya kutuma ujumbe mmoja kwa wengi ni vivyo hivyo: inachukua watu 256, na ujumbe unamfikia tu aliye na nambari yako kwenye simu yake. Usipolijua hilo utasema WhatsApp haifanyi kazi.

Dawa yake ni ya mdomo. Ukishamfungia mteja nguo, kabla hajageuka, mwambie: "Dada, nihifadhi kwa jina la duka. Mzigo mpya naweka kwenye stetasi Ijumaa usiku, walionihifadhi ndio wanaotangulia kuona." Anayependa kamera atakuhifadhi palepale. Nawe mhifadhi kwa namna itakayokusaidia. Simu yangu imejaa majina ya namna hii: "Mama mapacha Migosi, miaka 4." "Baba wa Maseno, sare namba 30." Mwaka ukigeuka, mapacha wana miaka mitano, na bale la nguo za miaka mitano likifunguliwa namwandikia mama yule kabla ya wote. Hakuna tangazo la kulipia litakalomfikia mama yule namna hiyo.

Tahadhari moja. Msichukue nambari za watu mkaziingiza kwenye kikundi bila kuwauliza. Nambari ya mama wa watu inaonekana na wageni wote, na usiku anaanza kusumbuliwa. Atatoka kwenye kikundi, na kwako hatarudi.

Na mjibu watu, jamani. Bei ikiwa imeandikwa, maswali yanapungua, na machache yanayobaki ni ya watu wanaotaka kununua: iko bado? Unafika Mamboleo? Naweza kubadilisha isipomtosha? Hao hawangoji mpaka jioni. Kama una mteja mbele yako kibandani, tuma neno moja, "Nakujibu saa nane," kisha timiza saa nane.

Mitandao mingine nitaipitia haraka. Huhitaji yote. Jiulize wateja wako wanashinda wapi. Mama anayetafuta sare, godoro, kuku wa kienyeji, yuko kwenye vikundi vya Facebook vya mtaa na kwenye WhatsApp. Kinyozi, msusi, muuza raba za vijana, fundi wa kucha, hao waende TikTok, kwa sababu kazi yao inapendeza ikionekana inafanyika: kichwa kilivyoingia na kilivyotoka. TikTok ina uzuri huu, kwamba inaionyesha video yako kwa watu wasiokufuata. Lakini anayetazama anaweza kuwa yuko Nyalenda au yuko Mombasa. Kwa hiyo sema mahali mwanzoni kabisa mwa video, kwa mdomo na kwa maandishi: "Niko Kisumu, Kondele." Na zungumza unavyozungumza na wateja wako kila siku. Kiswahili, Dholuo, Kiluhya, changanya unavyochanganya hapa. Nimeona dada wa hapa anayeongea nyumbani vizuri akishika simu anaanza kuigiza lafudhi ya televisheni. Watu wa kwetu wanakosa kujua kama anawauzia wao.

Kuna vijana watakaokujia na ofa ya kukuuzia wafuasi elfu kumi. Kataeni. Wafuasi wa kununua hawali samaki wako wala hawavai sweta zako. Na mteja wa kweli akiona elfu kumi wanakufuata na chini ya posti pana maoni mawili, anashuku.

Matangazo ya kulipia yana nafasi yake, ila yaje baadaye, ukishakuwa na katalogi na bei, na ukishaona ni posti gani inaulizwa sana bila kulipiwa. Facebook na Instagram ziko chini ya kampuni moja tangu 2012, kwa hiyo tangazo moja linaweza kutokea kote kuwili. Mnapolitengeneza, simamieni mambo mawili. La kwanza ni eneo. Chora duara kwenye ramani kuzunguka Kisumu, kadiri boda yako inavyoweza kufika. Usipochagua, pesa yako inakwenda kuonyesha mandazi ya Kibuye kwa mtu wa Garissa. La pili ni kitufe. Chagua kile kinachomleta mtu moja kwa moja kwenye mazungumzo ya WhatsApp, umjibu akiwa bado anakufikiria. Msiokuwa na kadi ya benki, M-PESA ina kadi yake ya mtandaoni ya GlobalPay tangu 2022, inalipia matangazo kutoka kwenye simu hiyohiyo. Anza na pesa ambayo ukiipoteza utalala usingizi.

Na fungueni daftari. Mali bila daftari huisha bila habari, na hili la matangazo ndilo linaloisha upesi kuliko yote. Kila mteja mpya muulize: "Uliniona wapi?" Andika: stetasi, kikundi, tangazo, rafiki yake, amepita tu. Andika na alichonunua. Mwisho wa mwezi hesabu. Pengine utakuta tangazo la kulipia lilileta watu wengi wa kuuliza na wanunuzi wachache, na shemeji yako aliyekutaja kwenye kikundi cha chama chake alileta mauzo ya kweli. Ukijua hivyo unajua pesa ya mwezi ujao iende wapi, na shemeji apelekewe nini.

Wakati nao uangaliwe. Sare na viatu vinaanza kuulizwa wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa, si siku ya kufungua. Wanafunzi wa Maseno wakirudi chuoni wanatafuta ndoo, mapazia, vifuniko vya godoro, majiko. Mishahara hutoka mwisho wa mwezi, kwa hiyo bidhaa ghali iwekeni kuanzia tarehe 25 ili mtu aipangie. Na WhatsApp inawaonyesha walioitazama stetasi na saa walizoitazama; fuatilieni wateja wenu wenyewe, saa za watu wa Nairobi si lazima ziwe zenu.

Sasa tuseme juu ya pesa na imani, maana watu wetu wameibiwa sana mtandaoni. Mtu amewahi kutuma pesa kwa nambari ya mtu asiyemjua, na nambari ikazimwa. Anapokujia wewe ana kidonda hicho. Usimkasirikie akisita. Tafuta nambari ya tili. Mteja akilipa kwa tili jina la biashara linasomeka kwenye ujumbe wake wa malipo, na yeye hakatwi ada. Hapa mjini, mteja wa mara ya kwanza mruhusu alipe mzigo ukimfikia, ila nauli ya boda aitume kwanza. Nauli hiyo ndiyo inayochuja wanaotania. Kwa mteja wa Siaya, Bondo, Busia au Kakamega, ambaye lazima alipe kabla, mwonyeshe kila hatua. Nikifunga parseli napiga picha nguo zikiwa zimepangwa, napiga picha ikiwa imefungwa na jina limeandikwa juu, napiga picha ya risiti ya ofisi ya matatu, nazituma zote, na namwambia gari linatarajiwa kufika saa ngapi. Dakika chache tu. Lakini mama aliyeko Busia, ambaye hajawahi kuniona, sasa ana kitu cha kumwonyesha mumewe aliyemwambia ametapeliwa.

Nanyi pia mjilinde. Usiachilie mzigo kwa sababu umetumiwa picha ya ujumbe wa M-PESA. Picha hutengenezwa. Subiri ujumbe wako mwenyewe kutoka M-PESA, au angalia salio. Jueni pia kwamba anayelipa anaweza kuupeleka ujumbe wa malipo kwa nambari 456 akidai alikosea, na pesa ikazuiwa. Kwa hiyo mazungumzo ya kuagiza msiyafute; ndiyo ushahidi kwamba hakukosea, alinunua.

Kuna jambo la sheria ambalo sokoni hatulizungumzi, nami kwa kuwa nauza nguo za watoto linanigusa. Tunapenda kuweka picha ya mteja aliyependeza. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, na picha ya mtu ni data yake. Mwaka 2023 Kamishna wa Data alikitoza kilabu kimoja cha Nairobi faini ya Sh 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja ikatozwa Sh 4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziidhinisha. Hesabu hizo zinafunga kibanda chochote kilichoko hapa. Mimi namwomba mzazi kwa ujumbe, "Naomba kuweka picha ya mtoto akiwa na sweta," anajibu ndiyo, na jibu hilo nalihifadhi. Akikataa, sweta naitundika ukutani. Na hata pasipokuwa na faini, mtoto wa mtu si bango langu.

La mwisho tutalifanya hapahapa, kwa sababu nikiwaachia mkalifanye nyumbani hamtalifanya. Wezi wa WhatsApp hawavunji mlango. Wanakupigia, wanajifanya ni watu wa mafunzo, wa mkopo, wa mkutano wa kanisa, wanakuambia kuna tarakimu sita zimeingia kwenye simu yako kwa ujumbe, uwasomee. Ukiwasomea, akaunti imehamia kwao, na saa hiyohiyo wanaanza kuwaomba wateja wako pesa kwa jina lako. Imani ya miaka inaondoka kwa mchana mmoja. Tarakimu hizo hazisomewi mtu, hata mchungaji. Na kuna kufuli ya pili: fungua mipangilio, nenda kwenye akaunti, tafuta uthibitishaji wa hatua mbili, weka PIN yako ambayo si mwaka wa kuzaliwa wala si PIN ya M-PESA, kisha weka barua pepe ya kuikomboa ukiisahau.

Simu mikononi. Vijana hawa wawili waliosimama mlangoni wanaijua kazi, watazunguka safu kwa safu kuwasaidia, ila PIN bonyezeni wenyewe na wao wageuze uso. Wenye kabambe, zile simu ndogo za vitufe, msiondoke. Leteni laini zenu hapa mbele tuangalie kama kuna mtu alishazisajilia WhatsApp bila nyinyi kujua. Mama wa omena, wewe uko karibu nami, tuanze na yako.